Je, Wajua? Moyo wa Wiki ya Sita

Je, wajua moyo wa binadamu huanza kudunda kabla ubongo haujawa tayari kuuamrisha chochote? Huanza kati ya wiki ya 5 na ya 6, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kiinitete chenyewe wakati huo hakijafikia hata urefu wa punje ya mchele. Seli za moyo hujizalishia umeme wao. Mishipa ya fahamu ya kuuongoza huja baadaye. Na ugomvi na wifi, hofu za usiku au kilio cha msibani havijaonekana kuupunguzia moyo huo kasi. Mama wa Nkololo, mkoani Simiyu, anayerudi kutoka Bariadi mjini na karatasi ya utrasaundi yenye mapigo 98, kisha njia nzima akahesabu makosa yake, anahesabu bure.

Je, wajua karatasi hiyo ina namba tatu za kusomwa pamoja? FHR ni mapigo ya mtoto kwa dakika, CRL ni urefu wake kuanzia kichwani hadi matakoni, na GA ni umri wa mimba. Mapigo bila umri hayasemi kitu.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Glasgow, Robinson na Shaw-Dunn, walichapisha vipimo vya mapigo ya mimba changa. Siku ya 45 wastani ulikuwa mapigo 123 kwa dakika. Wiki ya 9 yalipanda hadi 177, halafu yakashuka, na wiki ya 15 yakawa 147. Anayetarajia mapigo 140 katika wiki ya 6, kwa sababu ndiyo namba aliyoisikia kwa dada yake mwenye mimba ya miezi saba, analinganisha vitu viwili tofauti.

Je, wajua katika wiki hizo za mwanzo mapigo huongezeka takribani 3 kila siku? Hapa ndipo Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, una jambo lake. Ukimuuliza mama hedhi ya mwisho ilikuwa lini, wengi hujibu kwa msimu: tulikuwa tunapanda pamba. Sasa pamba hupandwa Novemba na Desemba, na kosa la siku saba tu katika tarehe linabeba zaidi ya mapigo 20. Mtoto anayedhaniwa ana wiki 7 na moyo mzito huenda ana wiki 6 na moyo mzuri kabisa. Kalenda ya ukutani na kalamu ya wino, naona mimi, ni vifaa vya uzazi sawa na glavu za nesi.

Utrasaundi ya juu ya tumbo huchelewa kuona mapigo kwa takribani wiki moja kuliko ile ya kifaa cha kuingizwa ukeni. Uliza umepimwa kwa ipi.

Na kifaa cha mkunga chenye umbo la pembe, kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, hakisikii chochote kabla ya wiki ya 18 au 20. Mkunga wa zahanati akiinama miezi mitatu akasema hasikii, si habari mbaya. Si habari yoyote.

Je, wajua chini ya ngapi ndipo madaktari hukunja uso? Peter Doubilet na Carol Benson wa Boston, katika miaka ya 1990, waliweka mipaka ambayo bado inatumika: mpaka mimba ifikishe wiki 6 na siku moja au mbili, mapigo 100 na kuendelea ni ya kawaida, kutoka hapo hadi wiki 7 kamili, 120. Katika kundi la kwanza, kati ya 90 na 100 mimba nyingi huendelea. Chini ya 80 matumaini ni madogo sana, na kumficha mama jambo hilo si huruma. Tena, hata mapigo yakipanda vizuri baadaye, mimba iliyoanza polepole hubaki na hatari kubwa kuliko kawaida mpaka miezi mitatu ipite, ndiyo maana daktari mwangalifu huomba kipimo cha tatu.

Je, wajua tangu 2013 kuna mwongozo wa jopo la wataalamu kwamba kiinitete kifupi kuliko milimita 7 kisitangazwe kimekufa kwa sababu tu mapigo hayakuonekana? Hungojwa siku 7 hadi 14, kisha kipimo hurudiwa. Kama hakuna dharura, usikubali kusafishwa kwa kipimo kimoja chenye shaka. Kuomba kurudia si kumdharau daktari.

Hakuna dawa ya kuongeza mapigo ya kiinitete. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna mzizi wa kuchemsha. Kulala kitandani wiki nzima hakujaonekana kusaidia. Mzizi wenyewe unaweza kudhuru, kwa hiyo mama mkwe akileta kikombe, pokea kwa adabu, ukiweke pembeni.

Je, wajua kungoja kunauma zaidi pale panapokuwa na siri? Usukumani, kama sehemu nyingi za nchi, mimba changa haitangazwi. Watu huogopa husuda na uchawi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takribani mwanamke 1 tu kati ya 4 alianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Siri ina heshima zake, sitaidharau. Ila inamwacha mama akiteka maji, akipalilia, akicheka na majirani, huku kifuani anangoja siku ya kurudia kipimo bila mtu hata mmoja anayejua. Chagua mmoja: mume, dada, bibi anayejua kufunga mdomo. Zimbabwe wamejenga mpango mzima juu ya wazo hilo: tangu 2006 akina bibi waliofundishwa hukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kusikiliza watu waliolemewa na mawazo, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa dalili za sonona zilipungua kweli.

Ukiwa na huyo mmoja, mpe kazi. Akusindikize siku ya kipimo, na akuulizie maswali utakayoyasahau: umri umehesabiwaje, urefu ni milimita ngapi, nirudi lini.

Karibu mwanamke 1 kati ya 4 huona damu kidogo mwanzoni mwa mimba, na wengi wao huzaa salama. Damu inayolowesha pedi moja kwa saa, maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega, kuzimia au homa ni mambo mengine: ondoka sasa hivi. Namba 115 ya m-mama hupigwa bure na huita usafiri wa dharura kwa wajawazito. Nesi wa zahanati anaijua.

Na mimba ikitoka? Makala ya jarida la Lancet ya 2021 ilikadiria mimba milioni 23 huharibika kila mwaka duniani, yaani 44 kila dakika. Karibu nusu ya zile za mwanzo hutokana na hitilafu za kromosomu, zilizokuwepo siku yai liliporutubishwa, kabla jembe halijashikwa na ndoo haijabebwa kichwani. Baada ya hapo kuna huduma maalumu kwa mimba iliyoharibika, na kuiomba si aibu.

Je, wajua mapigo ya polepole hayamaanishi mvulana, wala ya kasi msichana? Wataalamu wamepima na kupima tena, hawakuona tofauti ya kutegemewa. Bibi wa jirani anayetabiri kwa mapigo atapatia nusu ya mara zote, na hizo ndizo atakazozisimulia.