Mwenendo wa Maradhi Mwilini: Ushahidi wa Kipindupindu

Katika masomo yote anayokabidhiwa mwanafunzi wa uuguzi, ni machache yanayomtia hofu kama patofisiolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyougeuza utendaji wa mwili uliokuwa mzima. Na hofu hiyo ina sababu, maana aghalabu somo hili hufikishwa kwake likiwa majina na dalili za kuhifadhiwa kwa ajili ya mtihani, pasipo kuonyeshwa jinsi kila jambo linavyozaliwa na jambo lililolitangulia. Nimeuchagua ugonjwa mmoja tu uwe shahidi wa maelezo haya, nao ni kipindupindu, kwa kuwa mwendo wake ni wa kasi na wa dhahiri, na kwa kuwa pwani yetu imeufahamu kwa msiba mkubwa: James Christie, tabibu aliyekuwapo Unguja maradhi hayo yalipoangamiza maelfu ya watu katika miaka ya 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya kuenea kwake katika Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1876.

Kabla ya kuuelewa ugonjwa, yapasa kuielewa afya. Claude Bernard, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 19, alitambua kwamba seli za mwili haziishi katika hewa tunayoivuta wala katika jua linalotuchoma, bali zinaishi ndani ya majimaji yanayozizunguka, na kwamba uhai hutegemea majimaji hayo kutobadilika sana hata dunia ya nje ibadilike vipi. Walter Cannon wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza kwa tafsili jinsi mwili unavyoilinda mizani hiyo saa zote: joto lisiende mbali na nyuzi 37, chumvi isizidi wala kupungua, damu isiwe na asidi nyingi, na shinikizo la damu litoshe kuufikia ubongo. Maradhi, basi, huanza pale kinapotokea kitu cha kuivuruga mizani hii. Na nusu ya yale tunayoyaona kwa mgonjwa ni uvurugaji wenyewe, na nusu nyingine ni juhudi za mwili kujirekebisha.

Vimelea vya kipindupindu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa, na vile vilivyonusurika na asidi ya tumbo hujibandika juu ya ukuta wa utumbo mwembamba. La ajabu ni kwamba havitoboi ukuta huo wala havipenyi kuingia katika damu. Sambhu Nath De, aliyefanya utafiti wake Calcutta, alithibitisha mwaka 1959 kwamba madhara yote hutokana na sumu inayotolewa na vimelea hivyo. Sumu hiyo huingia ndani ya seli za utumbo na kuzilazimisha zimwage chumvi bila kikomo. Chumvi inapomwagika ndani ya utumbo, maji huifuata, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya maji popote mwilini. Mgonjwa huharisha choo kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, na akizidiwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa, ilhali damu yote ya mtu mzima ni takriban lita 5.

Hapa ndipo ningependa mwanafunzi atulie, kwani hapa pana jambo ambalo, asipolifahamu, litampita mbele ya macho wodini. Damu inapopungua ujazo, vipo vihisio katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua vinavyoutambua upungufu huo mara moja na kuuarifu ubongo. Ubongo huuamuru moyo upige upesi zaidi, huku mishipa midogo ya ngozi na ya matumbo ikijibana ili damu iliyobaki ielekezwe kwa viungo visivyoweza kungoja. Figo nazo hupokea homoni za kuzihimiza zizuie maji na chumvi, na kiu kali humshika mgonjwa. Kwa hiyo mapigo ya haraka, mikono iliyopoa, na mkojo uliopungua na kuwa mzito si maradhi, bali ni utetezi wa mwili. Na kwa sababu ya utetezi huo shinikizo la damu laweza kuonekana la kawaida kwa muda, ingawa mgonjwa tayari amepoteza kiasi kikubwa.

Chukulia mama aliyelazwa, mapigo yake ni 120 kwa dakika, viganja vyake ni vya baridi, ngozi ya tumbo ukiifinya hurejea polepole, na presha yake ni 110 kwa 70. Anayeitazama presha peke yake atasema kwamba mama huyu hajambo. Anayeujua mwenendo wa maradhi atasema kwamba presha hiyo inashikiliwa kwa nguvu zote za moyo na mishipa, na kwamba nguvu hizo zina mwisho. Naye atamwita tabibu sasa, si baada ya nusu saa. Kwa mtoto mdogo jambo hili ni la hatari zaidi, kwa kuwa presha yake hudumu karibu hadi mwisho, kisha huanguka kwa ghafula. Naamini kwa dhati kwamba muuguzi aliyelitia hili akilini huokoa watu wengi kuliko aliyehifadhi majina mia ya maradhi.

Utetezi ukishindwa, mambo hufuatana upesi. Viungo vinavyokosa damu hukosa hewa safi na kuanza kuzalisha asidi, ilhali utumbo unaendelea kumwaga bikaboneti, ambayo ndiyo kinga ya damu dhidi ya asidi. Mgonjwa huvuta pumzi nzito na za haraka, akijaribu kuitoa asidi hiyo kwa njia ya mapafu. Chumvi na potasiamu zikipungua, misuli hukaza kwa maumivu makali. Figo zisipopata damu huacha kutoa mkojo, na zikikaa hivyo muda mrefu huharibika zenyewe.

Maadam tumeijua njia ya ugonjwa, tiba huwa haina fumbo. William O'Shaughnessy aliipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu huko Uingereza, akaona imepungukiwa na maji na chumvi. Na mwaka 1832 Thomas Latta, tabibu wa Leith katika Uskoti, akawatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao waliokwisha kukatiwa tamaa wakainuka. Leo mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa hupewa dripu ya lita 6 kwa saa 3, karibu lita 2 za kwanza zikiingia ndani ya nusu saa.

Lakini ugunduzi ninaoustahi kuliko wote ni wa mlango ambao sumu haikuufunga. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia katika seli za utumbo kwa pamoja, kama abiria wawili wenye tikiti moja, na njia hiyo hubaki salama hata kipindupindu kikiwa kikali. Ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayamfai mgonjwa anayeyanywa, na yakitiwa sukari kwa kipimo humfaa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokwisha, Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kwa mikono ya ndugu zao, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Jambo moja husahauliwa mapigo yanaporejea na mgonjwa anapofumbua macho. Sumu iliyokwisha kuingia katika seli haiondolewi na maji wala na dawa. Antibiotiki huua vimelea na kufupisha muda wa kuharisha, bali seli zilizoshikwa huendelea kumwaga hadi zibadilishwe na seli mpya, jambo linalochukua siku chache. Kwa hiyo ndoo iliyo chini ya kitanda yapaswa kupimwa kila baada ya saa chache, na kadiri inavyojaa ndivyo mgonjwa anavyorudishiwa kwa kinywa, hata kama yeye mwenyewe anasema kwamba amepona.