Sura ya 4: Wanaolipwa Kuisemea Kampuni

Mapema Oktoba 2009, kampuni ya Apple iliiandikia Chemba ya Biashara ya Marekani barua fupi ya kujitoa uanachama. Sababu ilikuwa tabianchi. Mwezi Juni mwaka huo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 219 dhidi ya 212, muswada wa wabunge Waxman na Markey wa kuweka kikomo cha gesi joto nchini humo. Chemba iliupinga. Ilipinga pia mpango wa EPA, shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira, wa kudhibiti gesi hizo kwa sheria iliyokuwapo tayari. Apple haikutaka ada yake iendelee kugharimia msimamo huo. Kampuni za umeme za Exelon na PG&E zilikuwa zimetangulia kuondoka. Muswada wenyewe ulifia Seneti.

Nimeanza na barua hiyo kwa sababu inafichua jambo ambalo tovuti za kampuni hazilitaji. Kampuni kubwa huongea na serikali kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni watu wake yenyewe: ofisi yake ya Washington, mawakili wake, washawishi wa kukodi. Hawa angalau wanaonekana, maana sheria ya mwaka 1995 inawalazimu kutoa taarifa za fedha wanazotumia na mambo wanayoyafuatilia. Njia ya pili ni vyama vya wafanyabiashara. Chama hukusanya ada kwa wanachama wengi, kisha hutoka na msimamo mmoja, na mara nyingi msimamo huo huwa wa wale wenye hofu kubwa zaidi ya sheria mpya. Hivyo kampuni inaweza kusifu nishati ya jua katika ripoti yake ya mwaka, na wakati huohuo chama chake kinapigania kuzuia muswada wa kuikuza nishati hiyo. Anayesoma ripoti peke yake hataliona hilo kamwe.

Njia ya kwanza imewahi kuzaa matunda. Aprili 2016, Amazon, Apple, Google na Microsoft zilipeleka maelezo ya pamoja katika mahakama ya rufaa ya Washington kutetea mpango wa Rais Obama wa kupunguza hewa ukaa kutoka mitambo ya umeme. Masilahi yao hayakujificha: kampuni hizi hununua umeme kwa wingi mno, na mkataba wa miaka mingi wa upepo au jua huzipa bei isiyoyumba kama ya gesi. Mwaka 2023 Apple na Microsoft ziliunga mkono muswada wa California, SB 253, unaozitaka kampuni zenye mapato ya zaidi ya dola bilioni 1 zitangaze gesi joto zinazozalisha, pamoja na zile za wauzaji wanaozihudumia. Chemba ya biashara ya jimbo ilipinga. Gavana Gavin Newsom alitia saini Oktoba mwaka huo. Apple ilikuwa tayari inapima gesi za wauzaji wake; sheria ilikuja kuwabebesha wengine mzigo ambao yenyewe ilishaubeba. Mimi sioni aibu katika hilo. Masilahi yakielekea upande wa haki, na yatumike.

Kampuni hizi pia zinajua mlango wa kubisha. Lisa Jackson, aliyeongoza EPA wakati shirika hilo lilipotamka Desemba 2009 kwamba gesi joto zinahatarisha afya ya umma, aliajiriwa na Apple mwaka 2013.

Sasa tutazame mwaka 2021. Bunge la Marekani lilikuwa linajadili mpango mkubwa wa Rais Biden, uliobeba fedha nyingi za tabianchi zitakazolipiwa kwa kodi za makampuni. Apple iliunga mkono hadharani sehemu ya tabianchi. Lakini Business Roundtable, umoja wa wakuu wa makampuni ambao Tim Cook wa Apple alikuwa mwanachama wake, ulipigana na kodi hizo. Kampuni iliyokuwa imejitoa katika Chemba miaka 12 nyuma ilijikuta tena ikisemewa na watu wa upande wa pili. Kuunga mkono mradi huku mwenzako anakata fedha zake ni kuuangusha, hata kama hukudhamiria.

Shinikizo limezidi tangu akili mnemba ishike kasi. Mwaka 2024 Google ilitangaza kuwa gesi joto zake zilipanda kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023; Microsoft, kwa takriban asilimia 29 tangu 2020. Vituo vya data vina njaa ya umeme, na mwenye njaa hiyo huanza kuwabembeleza wasimamizi wa umeme wampe haraka, utokane na jua au na gesi.

Jambo hili limeshafika kwetu. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, Kenya, kitakachotumia mvuke wa ardhini, katika uwekezaji wa dola bilioni 1. Kampuni ya namna hiyo ikija na ahadi zake, msomaji, usiishie kuuliza umeme wake unatoka wapi. Uliza inalipa ada kwa chama gani, na chama hicho kilisema nini mbele ya wabunge.