Gari la kale: lipi ni halisi na lipi ni nakala?

Mwezi Julai mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini London ilitakiwa kujibu swali ambalo hadi leo huwasumbua wanunuzi wa magari ya kale ya michezo: je, gari lililobadilishwa karibu kila kipande chake lingali gari lile lile?

Gari hilo lilikuwa Bentley Speed Six, lijulikanalo kama Old Number One, ambalo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa mwaka 1929 na 1930. Bei iliyokubaliwa ilikuwa pauni milioni 10. Baadaye mnunuzi alikataa kulipa, akidai kwamba alichouziwa si gari lililoshinda mashindano hayo.

Dai lake halikukosa msingi. Gari hilo lilifanyiwa mabadiliko mara kwa mara kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1932, likiwa limefungwa injini kubwa zaidi, lilipata ajali katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, na dereva wake, Clive Dunfee, akafariki dunia. Kisha likaundwa upya na kupewa bodi ya aina nyingine. Vipande vilivyobaki tangu mwaka 1929 vilikuwa vichache mno.

Hata hivyo, jaji aliamua kwamba mauzo ni halali. Hoja yake ilikuwa kwamba historia ya gari hilo haikukatika: halikuwahi kutoweka na kufufuliwa, wala nafasi yake haikuchukuliwa na gari jingine. Vyuma vilibadilika, lakini utambulisho uliendelea.

Hoja hiyo ndiyo inayotenganisha gari halisi na nakala. Mfano ulio wazi ni AC Cobra, gari lililotokana na ushirikiano wa kampuni ya AC Cars ya Uingereza na Mmarekani Carroll Shelby. Katika miaka ya 1960 yalitengenezwa takriban magari 1,000 tu, yenye bodi za alumini na injini za Ford. Tangu wakati huo nakala zimekuwa nyingi kuliko magari ya awali, na nyingi kati ya hizo zina bodi za faibaglasi. Nakala iliyoundwa vizuri yaweza kuwa na breki bora na kwenda kasi zaidi, ilhali bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya gari la awali. Cobra la kwanza, lenye namba ya chasisi CSX2000, liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Kilicholipiwa hapo ni historia, wala si mwendo.

Kwa sababu hiyo, mkaguzi huanza na nyaraka kabla ya kutazama rangi. Hulinganisha namba ya chasisi na kumbukumbu za kiwanda, hufuatilia mfululizo wa wamiliki, na hutafuta picha na hati za mashindano ya zamani. Kisha huchunguza chuma chenyewe, kwani namba ya kale yaweza kugongwa juu ya fremu mpya. Hutokea hata magari mawili yakadai namba moja. Nchini Uingereza, gari ambalo umri au asili yake haiwezi kuthibitishwa hupewa namba ya usajili inayoanza na herufi Q, alama ambayo kila mnunuzi huielewa.

Hata kiwanda chenyewe hakiwezi kurudisha wakati nyuma. Mwaka 2020 Bentley ilianza kuunda upya magari 12 ya Blower kwa kufuata gari lake la mwaka 1929. Ni kazi ya Bentley yenyewe, lakini ni magari mapya, na yaliuzwa kwa jina hilo.

Kuunda nakala na kuiuza kama nakala si udanganyifu. Hasara huanzia pale neno moja katika mkataba linapodai zaidi ya kile ambacho nyaraka zaweza kuthibitisha.