1916: Mwaka vita vilipopita Msalala

Mwanafunzi wa sekondari kutoka Bugarama hashindwi kukueleza yaliyotokea Urusi mwaka 1917. Atakutajia mfalme aliyeng'olewa, Lenin aliyerudi kutoka uhamishoni, wanajeshi na wakulima waliochoshwa na vita. Muulize kilichotokea kwao Msalala mwaka mmoja kabla ya hapo, atakutazama tu. Hana kosa, kwa kuwa kitabu chake kimeruka hapo.

Lakini mwaka 1916 uliigeuza nchi hii. Kati ya Julai na Septemba, eneo lote kuanzia Mwanza hadi Tabora lilitoka mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wamelitawala kwa zaidi ya miaka 20. Wenyeji hawakuulizwa neno, ingawa ni wao waliobeba mizigo na ni chakula chao kilicholiwa.

Mbio za kuelekea Tabora

Tabora ndiyo iliyokuwa ikiwindwa. Reli ya Kati ilikuwa imefika huko mwaka 1912, na vita vilipopamba moto mji huo ukawa ngome kuu ya Wajerumani upande wa magharibi, chini ya Jenerali Kurt Wahle.

Waingereza walianzia ziwani. Juni 1916 waliteka Ukerewe, kisiwa kilichokuwa kikiwalisha Wajerumani mchele. Julai 14 wakaingia Mwanza, wakiongozwa na Brigedia Jenerali Charles Crewe kutoka Afrika Kusini, kisha wakashika njia ya kusini kupitia Shinyanga.

Wabelgiji walitokea Kongo kwa mikono miwili. Kikosi cha Kanali Olsen kilipita Burundi, kikaitwaa Kigoma mwishoni mwa Julai na kufuata reli kuelekea mashariki. Kikosi cha Kanali Molitor kilitoka Rwanda, kikapita Biharamulo, kikaelekea kwenye misheni za Mapadri Weupe za Ushirombo na Msalala, halafu kikateremka kusini. Kwa hiyo Bugarama, ambayo leo ni kata ya Halmashauri ya Msalala, imo katika ukanda uleule uliokanyagwa na jeshi hilo.

Crewe alitamani kuwatangulia Wabelgiji, lakini chakula na wapagazi vikamwangusha. Baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga, Wahle aliuhama mji, na Septemba 19 Wabelgiji wakapandisha bendera yao Tabora. Kamanda wao mkuu, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni na kuitwa Tombeur wa Tabora.

Mgongo ndio lori

Historia za kijeshi husimulia vita hivi kwa majina ya makamanda. Ila ukitaka kujua kwa nini Crewe alichelewa, tazama mzigo wa mpagazi.

Magharibi ya Shinyanga na Geita ilikuwa nchi ya miombo na mbung'o. Punda na ng'ombe wa kukokota walikufa njiani, na malori yalikuwa machache kwenye njia ambazo hazikuchongwa kwa ajili yake. Kila risasi na kila gunia la unga vilipanda kichwani au begani mwa mtu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi. Mpe kilo moja ya chakula kwa siku: baada ya siku 25 atakuwa amemaliza mzigo wote aliobeba, na askari aliye mbele hajapata hata punje. Jeshi lililokwenda mbali namna hiyo lilikuwa na njia moja tu ya kuishi, nayo ni kula vya wenyeji.

Na lilifika wakati ambao mkulima yeyote angeuhofia. Julai hadi Septemba ni kiangazi: mtama umeshavunwa, vihenge vimejaa, michembe imeanikwa, na visima vinaanza kupungua maji. Kabla ya majeshi hayo mapya, Wajerumani nao walikuwa wakichukua watu na nafaka kwa ajili ya vita. Familia moja ingeweza kutoa mtoto mmoja kwa Mjerumani na mwingine kwa Mbelgiji ndani ya mwaka mmoja.

Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na vifo vilivyoandikwa ni takriban 95,000. Waliouawa na kuhara damu, homa ya mapafu na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000.

Tembo wa dhahabu

Mwaka huohuo dhahabu ya nchi hii iliingia vitani. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, na fedha kutoka Ujerumani hazikufika. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, wakaifua kuwa sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Upande mmoja waliweka tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Thamani yake ilikuwa rupia 15. Zilitoka sarafu 16,198, kisha kazi ikasimama adui alipokaribia.

Leo sarafu hiyo hununuliwa mnadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Idadi yake inajulikana hadi ya mwisho. Wapagazi waliokufa tunawahesabu kwa makadirio. Wenyeji wa Bugarama, wanaoishi jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, hawahitaji kufundishwa maana ya hesabu inayoijua dhahabu kuliko watu.

Mapinduzi yasiyoandikwa

Machi 1917, huko Urusi, wanawake wa Petrograd waliokosa mkate waliingia barabarani, askari wakakataa kuwapiga risasi, na utawala wa karne tatu ukaporomoka. Huku kwetu uhaba ulikuwa uleule, ila wa kumpindua hakuwapo karibu: mtawala alikuwa Mjerumani, kisha Mbelgiji, kisha Mwingereza, wakuu wao wote wakiwa ng'ambo. Mwaka huo Waingereza walizidisha ukamataji wa wapagazi Kenya, na Ugogo ukaingia kwenye njaa ya Mtunya iliyoua maelfu ya watu.

Silaha ya mpagazi ilikuwa miguu yake. Usiku aliutua mzigo, akatoroka. Maofisa waliandika kuwa ni uvivu au woga. Mimi naona kuwa ni uamuzi wa kisiasa wa mtu aliyenyimwa njia nyingine ya kusema hapana.

Mei 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi mezani: Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji, huku kwetu kukabaki Uingereza na kupewa jina la Tanganyika mwaka uliofuata.

Walioyaona hayo wamekwisha, lakini wajukuu wao bado wapo, na koo za Wasumbwa, Wasukuma na Wanyamwezi hazisahau upesi aliyetoka nyumbani asirudi. Walimu wa historia wa Msalala wanaweza kuanza bila bajeti yoyote. Wampe kila mwanafunzi daftari na swali moja la kwenda nalo nyumbani: mwaka 1916, nani wa ukoo wetu alibebeshwa mzigo, na ulikuwa mzigo wa nani?