Je, Wajua? Arizona: Moto Kwanza, Mvua Baadaye

Je, wajua kuwa Juni 26, 1990, kipimajoto cha jiji la Phoenix, Arizona, kusini magharibi mwa Marekani, kilisoma nyuzi 50 za Selsiasi?

Na kuwa mwaka 2023 jiji hilo lilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi? Mwaka huo joto lilihusishwa na vifo 645 katika Kaunti ya Maricopa, lilipo jiji hilo. Wengi wa waliofia ndani hawakuwa na kiyoyozi, au walikuwa nacho kibovu.

Lami ya mchana huko hupita nyuzi 70. Mtu akianguka barabarani akachelewa kuinuka, anapelekwa hospitali na majeraha ya moto. Mbwa huvishwa viatu, na wapo madereva wanaoshika usukani kwa glavu za jikoni.

Je, wajua kuwa hata ndege hugoma? Juni 2017 makumi ya safari za ndege ndogo zilifutwa Phoenix, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi mno kubeba bawa.

Lakini joto hilohilo ndilo liitalo mvua. Ardhi ikichemka, hewa hupanda, upepo hugeuka na kuvuta unyevu kutoka Mexico na Ghuba ya California. Ndiyo monsuni yao, ya ukoo mmoja na kusi na kaskazi zetu, ila haina adabu: zetu zilisukuma majahazi, yao hung'oa miti.

Je, wajua kuwa Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa la huko, huanza mwaka wao mpya kwa kuvuna matunda ya saguaro, dungusi kakati refu kama nguzo ya umeme? Huyaangua kwa fimbo ndefu iliyoungwa kwa mbavu za saguaro iliyokufa, huyachemsha yawe sharubati, kisha huichachua iwe mvinyo wa sherehe ya kuita mvua.

Kabla ya mvua huja vumbi. Julai 5, 2011, ukuta wa vumbi uliopanda angani kilomita moja na nusu hivi uliimeza Phoenix. Dereva hushauriwa atoke kabisa barabarani, azime taa zote na aondoe mguu kwenye breki. Taa zote, ndiyo! Anayekuja nyuma haoni kitu. Akiona taa zako atadhani ndiyo njia, akufuate na kukugonga.

Na mvua ikishashuka? Je, wajua kuwa tangu 1995 Arizona ina sheria inayoitwa mitaani ya "dereva mpumbavu"? Ukikipita kizuizi ukaingia kwenye barabara iliyofurika, ukakwama, gharama za kukuokoa zaweza kuwa juu yako. Wenzetu wa Dar mnaokatisha Jangwani iliyofurika wakati wa masika, hapo hatujataja jina la mtu.