Kutoka Mwana Hiti hadi Mkwaju

Katika nchi ya Wazaramo, ambamo Marui na vijiji vingine vya Kisarawe na Kibaha vimo, mwali aliyetawishwa alikuwa akipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili pasipo mikono wala miguu, uso wake ukiwa na alama chache mno, naye hukiogesha, akakipaka mafuta na kukitunza kama mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mtu wa mjini asiwe mwepesi wa kucheka. Kwani mwaka 1944, huko Marekani, wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu 34 sinema fupi ya pembetatu mbili na duara zikienda huku na huku, na katika wote hao mmoja tu ndiye aliyeisimulia karibu yote kwa lugha ya maumbo, ilhali waliosalia waliona viumbe hai vyenye nia, ugomvi na hofu.

Kwa hiyo mtunzi wa hadithi haumbi uhai kutoka patupu, maana akili ya msomaji iko tayari, tena ina shauku, kumpa roho hata asiye na kinywa. Kinachoiharibu shauku hiyo ni maneno mengi. Mzee aambiwaye kwamba mwanawe ameuza shamba la mikorosho, akatamka kuwa amejaa ghadhabu, ametupa habari tu. Bali akinyamaza kidogo kisha akamwuliza mkewe kama chumvi ipo, sisi wenyewe twalazimika kuitafuta ghadhabu ile ilikojificha, na katika kuitafuta ndipo mzee anapokuwa adinasi.

Ushahidi mkubwa wa jinsi watu wanavyowapa uhai wahusika wa kubuni ulipatikana hapa hapa nchini. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza, mara mbili kwa juma, mchezo wa *Twende na Wakati*, uliotungwa kwa kanuni za mtunzi wa tamthilia Miguel Sabido wa Mexico, ambaye naye aliegemea ilimu ya mwanasaikolojia Albert Bandura, kwamba binadamu hujifunza kwa kutazama yanayowasibu wenzake. Kanuni hizo hudai wahusika wa namna tatu: mwema, mwovu, na yule anayesitasita. Mkwaju, dereva wa lori mwenye mahawara njiani, alikuwa mwovu, na ukimwi ukampata. Lakini kwa rai yangu aliyeubeba mchezo ni mkewe Tunu, mnyonge wa awali, ambaye kidogo kidogo alijasiri, akaanza biashara yake, akamwacha mumewe. Mwovu mtupu twamjua mwisho wake tangu siku ya kwanza. Anayesitasita hutufanya tusikilize kila neno lake tukitaka kujua leo atasema nini.

Wataalamu, akiwamo Everett Rogers, walipata bahati adimu ya kuupima mchezo huo, kwa kuwa kituo cha Dodoma hakikuutangaza hadi mwaka 1995, kikatumika kuwa kipimo cha kulinganishia. Walikuta kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule uliposikika kuliko Dodoma. Na Dodoma nayo, ilipofunguliwa masikio, ikafuata mkondo huo huo.