Holda ya Simu kwa Nduthi: Usinunue na Macho

Simu yangu ya kwanza ya kazi ilikufia Outering. Nilikuwa nimebeba kastoma natoka Donholm kushuka Pipeline, ramani imewaka, tukapanda tuta na mbio kidogo, holda ikafungua mdomo. Nilisikia tu "ka!" kwa lami. Kabla nisimamishe nduthi, mathree ilikuwa imeshaikanyaga. Holda ilikuwa ya soo tatu. Simu ilikuwa ya thao kumi na mbili, na bado nilikuwa nailipa mdogo mdogo. Tangu hiyo siku, story ya holda mi siichezeangi.

Juu cheki, simu ndio ofisi ya msee wa nduthi. Ndio inaleta kastoma, ndio inaonyesha njia, ndio inaingiza doh ya M-Pesa. Sasa ofisi nzima unaitundika kwa kitu umeokota Luthuli juu imeng'aa?

Anza na mahali itashikilia. Bomba ya usukani ya nduthi nyingi ni milimita 22. Holda mob zimetengenezwa zikae adi kwa baiskeli, na kuna baiskeli bomba yake inafika 31.8. So ndani ya ile pete lazima kukuwe na raba ya kujazia. Raba ikikosa, utakaza nati adi uchoke na bado simu itainama ikuangalie tumbo. Kuna zingine hufungwa kwa mguu wa saidi mira. Kabla ununue hiyo, washa nduthi, piga resi kidogo, alafu angalia hiyo mira. Kaa gari ya nyuma unaiona mbili mbili, simu yako itatetemeka ivo ivo siku nzima.

Na hiyo kutetemeka ndio wasee wengi hawajaishika. Beste yangu wa stage alinunua simu ya kamera noma, akaifunga kwa holda ya chuma tupu, chuma kwa chuma. Miezi kadhaa baadaye kila picha ilikuwa na ukungu, na ukifungua kamera unasikia kitu inagonga gonga ndani. Haikuwa imeanguka ata siku moja. Siri ni hii: kamera za simu kali ziko na lenzi yenye inaelea, inasonga kidogo kidogo ndio mkono wako ukitingika picha isiharibike. Injini nayo inaitingisha kila dakika adi inachoka. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kuhusu iPhone na pikipiki za injini kubwa. Ata kwa zile ndogo na za stima, zenye hutetemeka kidogo, walisema uweke kitu ya kupunguza mtetemo. So tafuta holda yenye iko na raba laini katikati ya mahali inashika nduthi na mahali inashika simu. Ibonyeze na kidole. Ikikataa kusonga kabisa, hiyo raba ni ya urembo.

Zile za mkoba wa plastiki zenye dirisha hunasa wasee mwezi wa nne mvua ikishika. Maji haiingii, sawa. Lakini jua ikitoka simu inapikika uko ndani, plastiki inashika mvuke, na ukigusa skrini haisikii. Mi naona afadhali kucha nne za kushika kona, na mpira wa kuvutwa juu yake. Cheki tu kucha isikae kwa kidude cha kuzima simu, la sivyo itajizima katikati ya safari. Alafu kata usukani kushoto yote, kulia yote: holda isiguse tangi, isivute waya ya akselereta, isifunike mahali pa ufunguo.

Kaa utaweka chaji, ambia fundi achukue moto kutoka kwa swichi ya ufunguo na aweke fyuzi. Akiunga moja kwa moja kwa betri, itakuwa inanyonya ata nduthi ikiwa imezimwa, na asubuhi moja unaweza sukuma.

Kwa jam, simu kwa holda ni chakula ya wakora. Mi njia naijua, simu iko mfukoni. Kaa siijui, naweka earphone ya sikio moja, ramani inaniongelesha. Holda natumia tu penye macho inahitajika.

Ukienda kununua, beba simu yako na casing yake. Iweke kwa holda, ipindue iangalie chini, alafu itingishe na nguvu yako yote juu ya kiti au kitu laini. Muuzaji akikukataza, rudisha holda yake na uingie duka inayofuata.